Kaditama Si Takataka

Mama yangu si mtu wa kulalamika. Ukimpikia mchuzi usio na chumvi atakula, atamaliza sahani, atashukuru. Kwa hiyo aliponipigia simu Jumapili moja asubuhi na kuniuliza, bila hata salamu, "Mwanangu, mmemfanya nini mjomba?", nilijua kuna jambo.

Mjomba anayemsema alifariki mwaka 1994. Kwangu mimi ni babu. Alikuwa fundi cherehani Ngamiani, Tanga, na jioni akishafunga kibanda alitunga mashairi kwa ajili ya kikundi cha taarab cha mtaani, kikundi ambacho hakikuwahi kuingia studio hata siku moja. Hana kitabu. Hana santuri. Daftari lake liliisha kwa mvua na mchwa. Kilichobaki ni kanda moja ya dakika 90, iliyorekodiwa kwenye harusi ya mama mdogo mwaka 1987, ikatunzwa ndani ya kopo la biskuti. Hiyo kanda ndiyo diwani yake.

Mwaka jana niliihamishia kwenye kompyuta, ikawa faili moja la saa 1 na dakika 27. Nikampa mpwa wangu, kijana aliyemaliza kidato cha sita na anayejua haya mambo kuliko mimi, nikamwambia aigawe wimbo mmoja mmoja, bibi yake asikilize kwenye simu. Haikufika hata saa moja akanijibu: "Mjomba, ile kanda ya bibi nishaikata. Kulikuwa na vipande vidogo vidogo vya ajabu ajabu, nimevifuta. Sasa iko safi." Nikamrudishia kidole gumba. Sikusikiliza.

Mama ndiye aliyesikiliza. Na wimbo wa tatu, ule anaoupenda kuliko zote, ulikuwa na beti zake zote isipokuwa wa mwisho. Pale kabla ya ubeti wa mwisho kikundi kizima kilikuwa kinasimama. Fidla inanyamaza, watu wanasubiri, kisha mwimbaji anaingia polepole na kaditama, na ndani ya kaditama hiyo babu anajitaja kwa lakabu yake: Fundi wa Barabara ya Kumi na Mbili. Basi programu ilipofika kwenye ule usimamaji ikadhani wimbo umekwisha. Ikakata. Kaditama ikawa faili la peke yake, sekunde 41, jina lake namba tu. Mpwa wangu akaliona fupi, akalipeleka kwenye takataka pamoja na vikohozi na vigelegele.

Mtu alitunga ubeti mzima ili asisahauliwe, na sisi wajukuu zake tukaufuta kwa sababu ni mfupi.

Nimeandika makala haya kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira yenyewe ni juu yangu. Ila najua sisi si peke yetu. Kila siku kuna mtu mahali fulani ana kanda ya baba yake, faili refu la harusi, la maulidi, la tamasha la shule, na anatafuta njia ya kulikata haraka. Hoja yangu ni moja tu: anayekata kanda anahariri. Amefanya kazi ileile ya mtu anayekaa na muswada wa mashairi na kuamua shairi hili linaanzia hapa, linaishia pale, mtunzi wake ni huyu. Kazi hiyo hatumpi mtu yeyote anayepita njiani, na hatuipi mashine ikaifanya peke yake. Kwenye sauti sijui kwa nini tunaipa.

Tuanze na mashine, maana wengi tunaiamini bila kujua inachofanya. Programu inayogawa sauti yenyewe haijui wimbo ni nini. Haijui ubeti, haijui kina, haijui kiitikio. Inapima ukubwa wa sauti kwa desibeli. Unaiambia: ukikuta mahali sauti imeshuka chini ya kiwango hiki kwa muda huu, tuseme sekunde moja au mbili, weka mpaka. Basi. Kwenye albamu iliyorekodiwa studio, yenye kimya safi kati ya wimbo na wimbo, inafanya kazi vizuri tu. Sasa ipelekee kanda ya harusi. Kanda haina kimya. Ina ule mchakacho wake wa kudumu, ina watoto, ina jenereta ya jirani. Ukiweka kiwango cha chini, programu inamaliza saa nzima bila kuona mpaka hata mmoja. Ukikipandisha ili ipuuze mchakacho, inaanza kuona mipaka kila mahali: mwimbaji anapovuta pumzi, ala zote zinaponyamaza kuipisha fidla ipige taksim, kikundi kinaposimama kuipa kaditama heshima yake. Na pale nyimbo mbili zilipounganishwa na vifijo vya watu wanaotunza, ambapo mpaka upo kweli, haioni kitu, maana vifijo vina sauti kubwa kuliko wimbo.

Kwa maneno mengine, inakata palipostahili kuachwa na kuacha palipostahili kukatwa. Kanda ya babu ilikuwa na nyimbo tisa. Mashine ilitoa vipande 23.

Kuna atakayeniambia kwamba vyombo vimetukata tangu zamani, iweje leo nione ajabu. Kweli. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walipovuka bahari kwenda Bombay kurekodi, upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba dakika tatu hivi. Shairi refu lilibidi lipunguzwe au ligeuziwe upande wa pili. Hata santuri ndogo za dansi za miaka ya 1970 zilikuwa na mtindo wa sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule, na ukishindwa kugeuza haraka wachezaji wanabaki katikati ya uwanja wanatazamana. Halafu ikaja kanda, iliyozinduliwa na Philips mwaka 1963, na ikatupa dakika 45 upande mmoja. Ndipo wimbo wa harusi ukapata nafasi ya kurefuka hadi robo saa, na mtunzi akapata nafasi ya beti zote alizotaka.

Lakini tazama tofauti. Siti na wenzake walijua dakika tatu ni tatu. Waliimba wakiujua mpaka, wakachagua beti zipi ziingie. Mkato ulifanywa na wenye wimbo. Huku kwetu mkato umefanywa miaka zaidi ya 30 baadaye, na mtu ambaye hakuwa amezaliwa, kwa kubofya kitufe, bila kusikiliza. Mimi ni mwandishi wa habari, najua vizuri maumivu ya kukatwa. Gazetini nafasi ikipungua, msanifu kurasa anakata kuanzia chini. Nimewahi kuandika habari ambayo aya yake ya mwisho ndiyo ilikuwa na kauli ya mama mwenye mtoto aliyepotea, na asubuhi nikaikuta habari imetoka nzima, mama hayupo. Nilizira wiki nzima. Kumbe na mimi naweza kumfanyia hivyohivyo fundi cherehani aliyekwisha kufa na asiyeweza kuzira.

Sasa nawageukia wa upande wa pili, wale watakaosema: basi usikate kabisa, liache faili lilivyo, huo ndio uhalisia wa kanda. Nawaheshimu, ila nawapinga.

Ingieni mtandaoni mtafute taarab ya zamani. Mtakutana na faili la saa mbili limeandikwa "Taarab za zamani mfululizo", picha ya jahazi na jua linazama, basi. Nani kaimba? Nani katunga? Mwaka gani, mji gani? Hakuna. Dakika ya 52 kuna shairi ambalo lingetosha kufundishwa darasani muhula mzima, lakini mwalimu atamwambia nini mwanafunzi? "Nenda dakika ya 52"? Faili kama hilo ni sawa na kitabu cha mashairi kilichochapwa bila vichwa, bila kurasa kuhesabiwa, bila jina la mtunzi, beti zimefuatana kama mchanga. Kingekuwa cha karatasi tungekirudisha dukani.

Na hapa ndipo napotaka wapenzi wa fasihi mnisikilize vizuri. Mnamjua Muyaka bin Haji. Alifariki karibu na mwaka 1840, na hakuacha diwani iliyochapwa. Mashairi yake yalikuwa vinywani mwa watu wa Mombasa. Tunayasoma leo kwa sababu miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyafafanua pamoja na W. E. Taylor, na mwaka 1940 Hichens akayachapisha Johannesburg. Kuyakusanya kulikuwa na kazi gani? Kukata. Kusema hili ni moja, lile ni jingine. Hili linajibu lile. Neno hili maana yake ni hii, na lilisemwa kwa sababu ya jambo fulani. Muyaka angebaki kuwa faili refu lisilo na jina ndani ya vichwa vya wazee, angezikwa nao. Waliomwokoa walimgawa, ila walimgawa kwa masikio na kwa kuuliza.

Tena angalieni neno "kujibizana". Nusu ya ushairi wetu wa pwani ni mtu anamjibu mtu. Kwenye kanda ya babu, wimbo wa tano ni wa kikundi chake kuwachokoza wageni wa upande wa bwana harusi, na wa sita ni majibu. Mpwa wangu aliyapa mafaili majina ya maneno ya kwanza aliyoyasikia, simu ikayapanga kwa alfabeti, na mama akasikia majibu kwanza, uchokozi baadaye. "Wamejibu nini hawa na hawajaulizwa?" Utani wote wa usiku ule ukapotea kwa sababu ya herufi A kutangulia herufi N. Namba mbili tu mwanzoni mwa jina la faili, 05 na 06, zingetosha kuunusuru.

Halafu kuna la tatu, nalo ndilo linaloniuma zaidi: jina la mtunzi. Watu wanasema "wimbo wa Juma Bhalo", na Bhalo aliimba, Mungu amrehemu, hakuna anayebisha. Lakini mashairi mengi aliyoyaimba yalitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir, yuleyule wa Malenga wa Mvita ya mwaka 1971. Kitabuni ni mshairi mkubwa, anasomwa vyuo vikuu. Ukifika kwenye sauti, anatoweka. Faili linaandikwa jina la mwimbaji tu, na mara nyingi hata hilo limekosewa. Kama Ahmad Nassir mwenyewe anaweza kupotea hivyo, fundi cherehani wa Ngamiani atapona wapi?

Na hapa hakuna kisingizio cha teknolojia. Faili la MP3 lina sehemu ya kuandika jina la mwimbaji na sehemu nyingine, ya peke yake, ya kuandika jina la mtunzi. Ipo. Miaka yote ipo. Tunaiacha tupu kwa uvivu. Ukijua mtunzi, andika. Usipojua, andika "mtunzi hajulikani", ili anayekuja baada yako ajue kwamba palikuwa na mtu, aanze kumtafuta. Kuandika jina la mwimbaji kwenye sehemu ya mtunzi kwa kuwa huna jingine ni kumpa mtu mali ya mwenzake.

Najua atatokea mmoja wa kusema haya ni mambo ya muziki, blogu ya vitabu inayatafutia nini. Huyo nitamkumbusha Lamu. Mashairi ya Kimondo, yale ya mvutano wa uchaguzi wa Lamu Mashariki katikati ya miaka ya 1970, yalizunguka kwa kanda, huyu katuma, yule kajibu. Wasiya wa Mabanati wa Ustadh Mahmoud Mau, wa miaka hiyohiyo, watu wengi waliujua kwa kuusikia kwenye kanda kabla ya kuuona kwenye karatasi. Kanda ilikuwa kiwanda chetu cha uchapaji. Ilikuwa rahisi, haikuhitaji kibali cha mchapishaji yeyote, na asiyejua kusoma hakubaguliwa. Anayetaka kuandika historia ya ushairi wa Kiswahili wa nusu ya pili ya karne ya 20 kwa vitabu peke yake ataandika historia ya waliopata wachapishaji.

Basi nataka nini? Si mambo makubwa. Nimeyafanya mwenyewe kwa siku mbili, kwa kompyuta kuukuu na programu ya bure.

Kwanza, faili refu haliguswi. Libaki kama lilivyotoka kwenye kanda, lihifadhiwe mahali pawili. Mpwa wangu alilifuta ili kupata nafasi kwenye simu, na laiti kopo la biskuti lisingekuwepo, mjadala ungeishia hapo. Mkato wowote ufanywe kwenye nakala.

Pili, sikiliza yote kabla ya kukata popote. Kaa na daftari. Andika dakika na sekunde kila wimbo unapoanza na unapokwisha, na andika mistari ya kwanza na ya mwisho. Saa moja na nusu ya kanda ilinichukua saa tano, kwa sababu nilirudia rudia. Kama yupo mzee anayekumbuka, kaa naye. Programu kama Audacity itakuruhusu kuweka lebo kwenye kila mpaka ulioandika, kisha itoe nyimbo zote kwa mara moja kwa majina uliyoyaweka. Hapo mashine inatumika kama mkasi. Anayeamua ni wewe.

Tatu, kama faili lako tayari ni MP3, tumia programu inayokata bila kulibana upya, kama mp3splt. Ukilifungua na kulihifadhi tena kama MP3, kila mara sauti inapungua ubora kidogo, na kanda ya 1987 haina cha kupunguza. Mkato wa namna hiyo hauwezi kuangukia popote utakapo, unaruka kwa vipande vya takriban sehemu ya 38 ya sekunde. Kwa kazi yetu hilo halina madhara.

Nne, kwa wale wasiotaka kabisa kulikata faili, kuna njia ya katikati. Faili dogo la maandishi, liitwalo CUE, linaorodhesha tu kila wimbo unaanzia dakika ngapi, jina lake nani, na mwimbaji nani. Kicheza muziki kinachoelewa CUE kitaonyesha nyimbo tisa, na faili lenyewe litabaki zima. Yaliyomo ya kitabu, kwa ufupi. Wapinga mkato hawana tena la kujitetea.

Tano, pale kanda ilipokosa, sema imekosa. Wimbo wa nne wa kanda ya babu uliangukia mwisho wa upande wa kwanza. Aliyerekodi usiku ule aligeuza kanda haraka alivyoweza, lakini ubeti mmoja na nusu ulipita hewani. Nilijaribiwa kuziunganisha ncha mbili zikatae kujulikana. Ningeweza, mapigo yanakubali. Nikaacha. Nimeweka sekunde mbili za kimya na kwenye maelezo nimeandika: "Hapa kanda iligeuzwa." Mama anasema anaukumbuka nusu ubeti. Huo tumeuandika pembeni, kwa jina lake yeye kama msimulizi. Hatukuutia kwenye wimbo.

Nilikwenda Tanga kuifanya kazi hii mara ya pili, na nikaenda na mpwa wangu. Tulimketisha mama katikati, spika ndogo juu ya meza, kijana kashika kipanya. Hakumgombeza hata kidogo. Alimwambia tu, "Njoo, mjukuu wangu, nikuonyeshe anapoishia mtu." Tukafika wimbo wa tatu. Fidla ikanyamaza. Kijana akatazama mstari wa sauti kwenye kioo ukilala bapa, mkono ukataka kwenda. Mama akainua kidole. Kaditama ikaingia. Fundi wa Barabara ya Kumi na Mbili akajitaja, akaaga, wanawake wakapiga vigelegele, mtu akacheka karibu sana na maikrofoni.

"Bado," akasema mama. Kicheko kikaisha. "Bado." Kiti kikaburuzwa. Mtu kwa mbali akaita jina la bibi harusi.

"Hapo. Sasa kata."

Lile faili linaitwa 03 sasa. Kwenye sehemu ya mtunzi kuna jina kamili la babu na lakabu yake, kama alivyotaka. Nawe kama una kopo la biskuti kabatini kwa mama yako, lifungue angali hai wa kukuinulia kidole. Na ukikuta kipande kifupi mwishoni, kabla hujakifuta, kisikilize.